Mama Hakulilia Mahame

Jirani yangu hapa Mandewa, Singida mjini, ameleta ng'ombe. Ni ng'ombe mmoja tu, wa maziwa, amefungwa nyuma ya ukuta na analishwa majani ya kununua kama mgeni wa heshima. Watoto wa mtaa wamefurahi, wajukuu zangu wamefurahi, na mimi nimeshaletewa chupa ya maziwa kama ujirani unavyotaka. Nimeshukuru. Lakini tangu aje, asubuhi upepo ukigeuka naipata ile harufu, mavi mabichi na maziwa ya moto kwa pamoja, na kabla sijakaa sawa nzi ameshatua kwenye miwani yangu. Hapo nasimama na kitambaa mkononi, namfukuza chumba hadi chumba, na wajukuu wanacheka mpaka wanakaa chini. "Bibi, si nzi tu huyo?" Siwajibu. Nimechoka kueleza, na pengine sijawahi kueleza vizuri. Ninyi wenzangu mliokulia huku kwetu, kwenye ardhi ya mawe na uwele, mtanielewa bila mimi kujisumbua sana.

Nilipokuwa mtoto, nzi alikuwa heshima. Nasema kweli. Nyumba isiyo na ng'ombe haikuwa na nzi, na mtoto asiye na nzi usoni alikuwa mtoto wa nyumba isiyo na maziwa. Mdogo wangu Hamisi alikuwa akikaa mlangoni nzi wamemjaa kwenye pembe za macho, wanakunywa, naye wala hapepesi, anatafuna kipande chake cha ugali. Nilimwona mzuri. Nilimwona mtoto wa watu wenye mali. Mtoto wa mwalimu, ambaye uso wake ulikuwa ukimeta asubuhi kama sahani iliyosuguliwa, nilimwonea huruma sana, na siku moja nilimpa maziwa kidogo kwa siri kwa sababu nilijua kwao hawana.

Zamani tulikuwa tukikaa chini ya vilima, upande wa machweo, tembe yetu peke yake na zizi lake. Jirani wa karibu ulimwita kwa kupiga ukelele. Palikuwa na kisima kwenye jiwe, maji yakivuja taratibu, na wanawake wa nyumba chache za pale walikitumia bila kugombana. Sitaki kudanganya kwamba tulikuwa peponi. Nzi walikuwepo na huko, na bibi yangu mzaa baba alikufa akiwa haoni, tukimshika mkono kumpeleka chooni. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu ilieleweka kwamba mwanamke akizeeka macho yake huisha, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe na kwa kuinamia jiko, na kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijijini. Watu wote wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Maneno hayo yalikuwa mazuri na baba yangu aliyakubali, ila alikuwa na uwele shambani haujavunwa, akaomba avune kwanza. Hakuwa mkaidi. Alikuwa tu mtu mwenye uwele shambani. Lori lilipokuja kutuchukua kijiji kilikuwa kimeshajaa, na mama alipotaka kupakia jiwe lake la kusagia vijana wa lori walicheka. "Mama, tunakupeleka Singida ileile. Unadhani kule utakosa mawe?" Jiwe likabaki.

Kijiji kilipimwa kwa mistari. Juu, kwenye mwinuko, palikuwa na ofisi, shule, zahanati, ghala na pampu ya maji ya mkono. Hapo ndipo ulipoanzia mstari wa kwanza wa nyumba, za wale waliotangulia kuitikia wito. Nyuma yao mstari wa pili, na wa tatu, ukishuka hivyo hivyo mpaka chini kabisa, kwenye ukingo wa mbuga ya udongo mweusi, ulipokuwa mstari wetu. Sisi tuliochelewa. Chini yetu palikuwa na bwawa la mifugo, na ng'ombe wa kijiji kizima walipita mbele ya milango yetu asubuhi wakienda kunywa na jioni wakirudi. Walituachia mavi yao na nzi wao, na maziwa wakayapeleka juu. Nami mtoto mjinga nilihesabu kwamba sasa tumetajirika.

Pampu ilikuwa na taratibu yake. Mstari wa kwanza uliteka kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Hilo lilipitishwa na viongozi na hakuna aliyeliita uonevu, kwa sababu lilionekana kuwa na hoja: aliyetangulia kuitika atangulie kuteka. Shida ni kwamba kisima hakikuwa na habari ya hoja. Jua likipanda pampu ilianza kukohoa, ikatema tope, na mlinzi akafunga mnyororo ili kisima kipumzike hadi jioni. Jioni taratibu ikaanza upya, na ikaanza tena na mstari wa kwanza. Sisi tulikuwa tukikaa kwenye foleni na madebe yetu, tukisikia ule mlio wa chuma kikavu, kisha tunashuka bwawani kuteka mahali ng'ombe walipokunywa.

Kwa hiyo nyumbani maji yaligawanywa kwa utaratibu ambao kila mwanamke wa mstari wetu aliujua bila kufundishwa. Kwanza ya ugali. Kisha ya kunywa. Kisha ya ndama na mbuzi wachanga, maana mbuzi akifa ni hasara. Kisha ya wanaume kunawa mikono kabla ya kula. Yakibaki, yanalazwa ya uji wa asubuhi. Uso wa mtoto haukuwamo. Ungemwambia mama amwage maji kwenye uso wa mtoto ambaye saa ileile ataenda kucheza mavumbini, angekuuliza kama una akili timamu. Sisi tulifutwa. Mama alivaa kaniki nyeusi, na ncha ya kaniki hiyo ndiyo iliyokuwa sabuni, taulo na maji yetu. Alimvuta Hamisi akamfuta matongotongo, akanivuta mimi, akamfuta mtoto mchanga Idi aliyekuwa mgongoni, na mwisho akajifuta mwenyewe. Ilikuwa laini ile ncha, ina harufu ya moshi na samli. Hadi leo nikiwaza kupendwa, nawaza nguo ile.

Mwaka ule wa kwanza kijijini, mama akaanza kulia.

Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalimtoka, siku nzima, akipepeta, akipika, akinyonyesha. Na mimi niliyekuwa binti yake mkubwa nilimchunguza, nikapata jibu. Kila asubuhi mama alikaa ukutani uso wake ukielekea machweo, na huko machweo ndiko kulikokuwa vilima vyetu, na chini ya vilima mahame, yaani lile boma letu tulilolihama. Aliangalia huko na machozi yakamtiririka. Ilikuwa wazi kama mchana. Mama alikuwa analilia mahame. Ni kweli kwamba jioni aligeuka akaangalia upande mwingine, macheo, ambako hapakuwa na chochote isipokuwa ng'ombe wanaorudi. Hilo nalo nililipatia maelezo: amechoka kuangalia kwao, anapumzika. Sikujua kwamba alikuwa akilipa jua mgongo. Mtoto akishapata hadithi yake, hakosi ushahidi.

Aibu si yangu peke yangu, maana na watu wazima waliisoma hivyohivyo. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Msengi, mtu mpole kwa kweli, mwenye kofia ya kufuma na mguu uliokuwa ukimsumbua. Siku moja alisimama mbele ya nyumba yetu kwa muda, akimtazama mama.

"Shikamoo, balozi," mama akasema, akisikia fimbo yake.

"Marahaba, mama Mwajuma. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Nzuri na unalia?"

"Mimi silii, balozi. Macho ndiyo yanalia."

Balozi akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekuja na neno zito. Akamgeukia baba. "Ntandu, ndugu yangu, mimi nakuelewa. Wengine hawatakuelewa. Kila anayepita hapa anamwona mkeo anaangalia mahame na kulia. Wale waliorudi kwao kwa siri wameletwa tena kwa nguvu, unajua. Sasa watu wanauliza, huyu mama anaipinga serikali kwa machozi?"

Baba aliogopa. Alikuwa mtu wa kazi na hakupenda kutajwa ofisini. Tangu siku hiyo akiona watu wanakuja njiani alinong'ona, "Futa machozi, mama Mwajuma, watu wanakuja." Na mama alijifuta, kwa kaniki ileile, kisha akamfuta na Idi kwa upande uleule, maana alikuwa hapo mgongoni na uso wake nao ulikuwa umelowa.

Wanawake wa mstari wetu walikuwa na shughuli yao nyuma ya nyumba, mchana, wanaume wakiwa kwenye shamba la kijiji. Mmoja alilaza kichwa kwenye mapaja ya mwenzake, na mwenzake akachukua kibano cha chuma alichofua fundi, akamng'oa kope moja moja. Nilidhani ni urembo. Nilitamani nikue haraka nami ning'olewe. Mama alipong'olewa alishika mchanga kwa ngumi mbili, kisha siku chache alikuwa na nafuu, hata akaimba. Kisha kope zikaota tena, fupi na ngumu, na machozi yakarudi. Nami nikasema moyoni, amekumbuka tena.

Ndipo nikaamua kumtibu. Nilijua kilichobaki mahame, lile jiwe lake. Si jiwe kubwa la chini, hilo lingenishinda, ila lile dogo la juu linaloshikwa mkononi, alilopewa na mama yake alipoolewa. Siku moja nilimchukua Hamisi, nikasema tunaenda kuokota kuni, tukaelekea vilimani.

Njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikumbuka, na Hamisi alilalamika kila kichaka. Nyumba yetu ilikuwa imeshaporomoka paa, na ndani ya zizi uwele ulikuwa umejiotea wenyewe kwenye samadi, mrefu, mnene, mzuri kuliko wowote tuliowahi kupanda. Hakuna aliyeuvuna. Kisima cha mwambani kilikuwa kimejaa tele, njiwa wanakunywa. Tulikunywa, tukamwagiana, tukaosha vichwa na nyuso kwa ajili ya joto na kwa ajili ya furaha tu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutuambia maji hayo ni ya ndama. Tulipokuwa tunarudi, mimi na jiwe kichwani juu ya kata ya majani, niliona jambo lililonisikitisha. Nzi walikuwa hawamfuati Hamisi. Uso wake ulikuwa mtupu kama wa mtoto wa mwalimu. Nilimhurumia, nikadhani nzi wametambua kwamba sisi si watu wa maana tena.

Tulifika jua likiwa kali. Mama alikuwa uani, kivulini, anachagua mawe kwenye mtama kwa ncha za vidole. Nililiweka jiwe mbele yake, wazi kabisa, karibu na goti lake. Nikasimama nikisubiri uso wake ubadilike.

"Umeleta kuni?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Nikasogea pembeni taratibu ili nimwone vizuri akilitambua, na uso wake ukabaki umeelekea pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Aliendelea kuongea na mahali pale. "Mbona kimya, Mwajuma? Kuni ziko wapi?"

Hamisi akasema, "Tumeleta jiwe, mama."

Akanyoosha mkono, akapapasa chini, akagusa. Vidole vyake vilipita kwenye ule ubonyeo wa kiganja cha mama yake, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Mmekwenda mahame," akasema polepole. "Mmekwenda mbali kote huko."

"Nilitaka usilie tena," nikamwambia.

"Nimewaambia mara ngapi? Mimi silii, mwanangu. Macho ndiyo yanalia."

"Mama," nikasema, "mimi niko wapi?"

Akageuza kichwa huku na huku, akitafuta sauti yangu kama kuku anayetafuta punje. Nilianza kulia kwa sauti, na Hamisi akanifuata bila kujua kwa nini, na Idi mgongoni akatufuata wote. Mama peke yake ndiye hakulia, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka.

Baba alipoambiwa alikaa chini. Nadhani alijua kidogo, na alitumaini kwamba ni huzuni, kwa sababu huzuni huisha. Kesho yake alimwongoza mama mpaka juu, zahanati, mkono begani kwake, wakipita mistari yote watu wakitazama. Mimi nilifuata na Idi. Dresa wa zahanati alikuwa kijana mwenye haraka. Alimkalisha mama mlangoni penye mwanga, akaugeuza ukope wake kwa kijiti cha kiberiti.

"Vikope," akamwambia baba. "Ngozi ya ndani imekauka na kujikunja, kope zimeingia ndani. Kila akipepesa zinamkwaruza. Jicho la kushoto silioni kama litarudi. La kulia, akifanyiwa operesheni hospitalini mapema, huenda likapona. Akichelewa, hapana."

"Ni moshi?" baba akauliza.

"Si moshi. Ni ugonjwa, unatoka kwa watoto. Unatembea kwa mikono, kwa miguu ya nzi na kwa nguo." Akamtazama Idi, akamshika kidevu, akageuza na ukope wake mdogo. "Huyu naye anao. Na huyu binti anao. Dawa ya kupaka nitawapa, lakini mkirudi kukaa bila kunawa uso, utarudi uleule. Mnawafuta watoto na nini?"

Mama alikuwa ameishika ile ncha ya kaniki mkononi, kama alivyoizoea. Nilimwona akiiachia taratibu, kama mtu aliyegundua kuwa ameshika kitu cha moto. Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo ndilo lililoniuma na linaniuma hadi leo nikiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu. Alitupenda kwa kitu kimoja tu alichokuwa nacho, na kitu hichohicho kilikuwa kikimpofusha.

Lori la kwenda hospitali lilikuwa lipite baada ya mnada, na kabla ya mnada palikuwa na mkutano wa kijiji, kwenye uwanja wa ghala. Baba alipanga aseme habari ya maji. Alijiandaa njia nzima, nikimsikia akinong'ona. Lakini mwenyekiti alipouliza kama kuna jambo lingine, baba alikohoa tu. Mama ndiye aliyesimama. Wanawake wa mstari wetu hawakuwa na desturi ya kusimama kwenye mkutano, na watu waligeuka kumtazama. Machozi yalikuwa yakimtoka kama kawaida.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, uso wake ukielekea upande usio wa mwenyekiti, "mnasema nalilia mahame. Mimi sioni hata mahame yenyewe yako wapi. Siwaoni ninyi. Dresa amesema watoto wanawe uso kila asubuhi. Naomba mstari wa mwisho nao uwe unaanza kuteka, angalau kwa zamu. Kata moja ya maji kwa mtoto. Siombi zaidi."

Mwanamume mmoja wa mstari wa kwanza akasimama. Hakuwa mtu mbaya. "Sisi tulihama siku tuliyoambiwa," akasema. "Tuliacha mazao yakaliwa na ndege. Wengine walibaki wanavuna. Leo wanataka tuwe sawa?"

"Watoto wangu hawakubaki kuvuna," mama akamjibu. "Mmoja hata hakuwa amezaliwa."

Minong'ono ikaanza. Balozi Msengi aliinuka kwa shida, akavua kofia yake. "Nilimsema mama huyu kwa machozi yake," akasema. "Kwangu mimi naona zamu ni haki." Alisema hivyo tu, akakaa. Mwenyekiti aliwauliza watu, mikono ikainuka, mingi ya chini na michache ya juu, ikatosha. Zamu ikapita. Wanawake wa mstari wetu walipiga vigelegele, na baba akamshika mama mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baadaye.

Mama akapelekwa hospitali, baba akampeleka na kurudi, na shangazi akaja kukaa nasi. Juma la kwanza tuliteka maji meupe, ya mwanzo wa siku, na nilimnawisha Idi na Hamisi mpaka wakanikimbia. Kisha kiangazi kikakaza. Kisima kikawa kinatoa kidogo, na kila mtu akaona kwamba zamu ni kitu cha wakati wa neema. Hakuna aliyeifuta kwenye mkutano. Asubuhi moja tulifika tukakuta mstari wa kwanza wamesimama, wakasema leo ni dharura, na kesho yake ikawa dharura tena. Mlinzi aliangalia pembeni. Balozi alipanda kulalamika ofisini, akaambiwa mvua zikija mambo yatakaa sawa. Hiyo ndiyo haki tuliyoipata, ya majuma machache, na nimeona haki nyingi za namna hiyo maishani mwangu hapa na kwingine. Sina tena nguvu ya kuikasirikia.

Jicho la kushoto la mama halikurudi. La kulia lilimtumikia miaka kadhaa kisha nalo likafifia, na mwisho wake tulimshika mkono kama tulivyomshika bibi. Hayo yalikuja baadaye. Ninachotaka kuandika hapa ni siku aliyorudi kutoka hospitali.

Aliteremka kwenye lori akitembea peke yake. Balozi alikuwa njiani, akamwangalia usoni, uso mkavu, akafurahi kwa moyo wote. "Mama Mwajuma! Naona sasa umekizoea kijiji."

"Nimekizoea, balozi," mama akasema. "Maji yanakujaje?"

Balozi akaangalia fimbo yake. Mama hakumuuliza tena.

Aliingia uani akasimama. Nilikuwa nimetoka bwawani, debe la maji ya tope nimeliweka yatuame, ndiyo maji pekee ya siku hiyo, ya ugali. Hamisi alikuwa amekaa mlangoni. Idi alikuwa ameshajifunza kusimama, ameshika ukuta, nzi wamemjaa usoni. Mama aliinama mbele yake, karibu kabisa, akamwangalia kwa jicho lake moja jekundu lenye nyuzi bado pembeni. Alimwangalia muda mrefu. Tangu mtoto huyo azaliwe hakuwahi kumwona zaidi ya kivuli.

Mkono wake ulikwenda kwenye ncha ya kaniki, ukasimama njiani, ukarudi. Akachukua kata, akachota kwenye debe kwa juu, mahali palipokuwa pametuama, akamnawisha Idi, akamwacha akauke kwa upepo. Akamwita Hamisi. Akaniita mimi, mkubwa mzima, akaninawisha kama mtoto. Watoto wa jirani walikuja kutazama, akawashika nao mmoja mmoja, na kila mmoja alipokwisha alimwinua kidevu, akamtazama, akasema jina lake.

Baba alirudi kutoka shamba la kijiji, jembe begani, ana njaa. Aliona ua umejaa watoto wenye nyuso zilizolowa. Akaliangalia debe. Ndani yake palikuwa na tope tu.

"Mama Mwajuma," akasema, "sasa tutakula nini?"

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika uso wa Hamisi kwa mikono yote miwili.

"Mtakula kesho," akasema. "Leo niacheni niwaone."